Majani Mabichi ya Musyé Cravate

"Bamemukamata Musyé Cravate!"

Ndakala alisema hivyo kabla hata ya kusalimia, na kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, salamu si jambo la kurukwa. Sisi wengine tulikuwa tumeshakaa kwenye baraza ya Casimir, fundi wa nguo, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Casimir tunamwita Sindano, si juu ya kazi yake, ni juu ya mdomo wake. Pembeni yake alikaa mzee Sebineza, anayeshuka kutoka milimani na siagi ya ng'ombe wake, basi jina lake likawa Siagi. Ndakala mwenyewe alibatizwa Eugène, mvuvi wa Swima, mrefu kama nguzo ya nyumba. Ndiyo maana tukampa jina la samaki wadogo kuliko wote ziwani. Mimi ni Albert. Wananiita Bubu kwa sababu sijui kunyamaza.

"Bamemukamata nani?" nikauliza, ingawa Bwana Tai tulikuwa naye mmoja tu.

"Placide! Karani ya pamba! Polisi amekuya kumutoa kwa nyumba asubuhi hii, na kravate yake kwa shingo. Iko kule kwa nyumba ya bageni ya serikali, mbele ya muzungu wa komisyo."

"Ameiba pamba?"

"Apana. Juu ya majani."

"Bangi!" Sindano akapiga paja. "Nilisema mi! Mutu hawezi kuvaa kravate kwa hii jua kama hakuna kitu anavuta."

"Haiko bangi. Ni lenga-lenga."

Sindano akaacha kukanyaga mashine. "Lenga-lenga? Sasa serikali inakataza na mboga?"

"Si kula, ndugu yangu. Kukunywa! Mabichi!"

Hapo wote tulielewa, kwa sababu ile habari ya kunywa majani ilikuwa imeshatuingilia nyumbani, kila mtu kwa mke wake. Aliyeileta ni Madame Georgette, mzungu wa Foyer, ile nyumba ambako akina mama wetu hujifunza kushona, kupiga pasi na kuosha mtoto kama vile kabla ya Madame watoto wa Baraka walikuwa hawaoshwi. Alikuwa amewaambia kwamba katika majani mabichi mna vitamine, na kwamba moto unaua vitamine, na kwamba mama mwenye akili hunywesha nyumba yake majani kila asubuhi.

"Suzanne yangu amenifundisha somo yote," Sindano akasema, akiinua vidole. "Unakamata lenga-lenga ya utoto, ile majani laini ya juu, si ile mizee. Unaosha na maji yenye ilichemuka na ikapoa. Unaponda kwa kinu. Unatia ndizi ya kuiva, juu bila ndizi hata mbuzi itakukimbia. Unatia papai kidogo, unakamulia ndimu. Unaongeza maji, unachuja na kitambaa safi. Unakunywa pale pale. Ukiacha mpaka saa sita, inageuka rangi ya ziwa mvua ikiisha."

"Ee, we ni mama ya Foyer kabisa!" nikasema.

"Unacheka nini? Kitambaa safi alikamata wapi? Kwa mashine yangu! Amerikani ya suruali ya katekista! Sasa katekista atavaa suruali ya kijani kwa misa."

"Kwangu ilikuwa kinu," Ndakala akasema. "Bibi alisahau kuosha. Jana yake alikuwa ameponda pilipili. Nimekunywa ile afya mara moja, nikaruka mpaka kwa maji, nikakunywa ziwa nusu."

"We ulikunywa yote?"

"Alisema ni ya kuanzia, kidogo-kidogo. Na mi nikamuuliza: sasa kama ni majani tu, juu ya nini tusitie sombe, maana sombe iko mingi kwa shamba?"

Tukamrukia wote watatu. Kila mtoto wa hapa anajua majani ya muhogo hayaingii tumboni bila kupondwa na kuchemka mpaka mama achoke kuchochea.

"Unataka kuua batu!"

"Niliuliza tu!"

"Usiulize! Sombe mbichi si vitamine, ni jeneza!"

Mzee Siagi alikuwa akipangusa mdomo wa kibuyu chake kwa kidole. "Kwetu kule mulimani," akasema polepole, "muke yangu Mukashema pia aliniletea ile maji ya kijani. Nikamuambia: mama, mi niko na ng'ombe kumi na mbili. Kazi yao ni kula majani na kunipa maziwa. Sasa kama mi nakula majani, ng'ombe itafanya kazi gani?"

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Kicheko kilikatika tulipomwona Anastasie, mke wa Placide, anakuja kutoka upande wa misheni. Alikuwa amebeba kinu kichwani, na mkononi kapu la lenga-lenga, ndizi zikichungulia.

"Mama Anastasie," Sindano akaanza, "unaenda kumupelekea bwana dawa ya nguvu?"

"Papa Casimir, ukinicheka leo nitakupiga na hii kinu."

Macho yake yalikuwa mekundu. Sindano akateremsha miguu kutoka kwenye mashine, akamtolea kiti. Hakukaa. Alishusha tu kinu, akapumua.

"Mama, ilikuwa namna gani?" nikamuuliza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yangu haikuwa na mchezo.

Akatueleza. Placide alikuwa ameomba karte, ile karatasi ya kusema kwamba mtu mweusi amestaarabika. Kabla ya kuipata, komisyo, yaani tume ya serikali, huja nyumbani kwako. Wanafungua kabati. Wanainua mifuniko ya masufuria. Wanatazama choo. Wanatazama kama mke wako anakula mezani pamoja nawe ao anakula jikoni. Placide alikuwa amejitengeneza kwa ajili ya siku hiyo kwa muda mrefu. Alikataza watoto kusema Kibembe wakati wa kula. Alipeleka kuku wote kwa shemeji yake. Basi aliposikia ya Madame, akasema hii ndiyo itamaliza kazi: watakuta nyumba inakunywa majani kama bazungu.

"Nilimuambia," Anastasie akasema. "Nilisema, Placide, mi naipenda ile maji, Henri wetu alikuwa na vidonda kwa mudomo, sasa iko muzuri. Lakini tukunywe sisi wenyewe, tusifanye maonyesho. Akakataa. Jana komisyo ilipoingia, akaita na majirani wangu, bamama batatu wenye tunapondaka nao. Akatusimamisha mustari mumoja, kila mutu na kilauri yake. Akasema: moja, mbili, tatu. Tukakunywa."

"Na muzungu?"

"Alirudi nyuma mpaka kwa mulango. Akauliza mukalimani: hawa bananywa nini? Mukalimani akasema: majani. Muzungu akasema: pamoja? Mukalimani akasema: ndiyo, kila asubuhi, pamoja."

Siagi akafumba macho. "Aa. Mwavi."

"Njo hivyo! Alifikiri ni kiapo! Na sasa Placide, pahali pa kunyamaza, akasimama kwa Kifaransa yake yote, akasema: Bwana, hii inatupatia nguvu, tukizoea hatutaogopa kitu tena."

Ndakala akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu. Mwaka huu? Akamuambia muzungu hatutaogopa kitu?"

"Muzungu akasema: hamutaogopa nani? Placide akasema: magonjwa! Magonjwa, Bwana! Lakini muzungu alikuwa ameshatoka, anatafuta gari yake. Asubuhi polisi akakuya. Sasa Madame ananingoja kule. Amesema atanipondesha mbele ya muzungu, aone mwenyewe kama iko kiapo ndani."

Mwaka ule serikali iliona kiapo cha uasi kila mahali. Watu walikuwa wanapelekwa mbali kwa makosa madogo kuliko kilauri cha lenga-lenga. Kila mtu pale alikuwa na mjomba ao jirani aliyepanda gari la serikali na hakurudi hadi leo. Anastasie akainama kuchukua kinu. Mzee Siagi akamtangulia.

"Mama hawezi kufika mbele ya muzungu na shingo inatetemeka," akasema, na yeye, mwenye ng'ombe kumi na mbili, akaweka kinu cha mwanamke kichwani, akatangulia njiani. Tangu Baraka imekuwa Baraka sijaona kitu kama hicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Mzee alirudi peke yake baada ya muda. Polisi alikuwa amemzuia mlangoni.

"Umeona nini?" tukamuuliza.

"Nimeona mugongo ya Placide. Amesimama wima. Kravate inakaba."

Tukangoja. Sindano alishona kitu kimoja, akakifumua, akakishona tena. Ndakala alisema wakimpeleka mbali, yeye atawapelekea samaki watoto wa Placide; kisha akasema labda atapeleka samaki hata wasipompeleka. Mimi nilitaja majina ya watu wote ninaowajua waliowahi kuitwa pale na wakarudi wazima. Sindano akaniambia ninyamaze, kwa sababu nilikuwa nimefika kwa mtu wa pili na nikakwama.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi tulipomwona Placide anakuja. Peke yake. Anatembea kama mtu anayehesabu mawe. Miaka yote ile alikuwa akipita mbele yetu na "bonjour" moja ya kugawana wanne, bila kusimama. Safari hii alisimama, akatazama benchi, akakaa katikati ya Ndakala na mimi. Sindano akammiminia kahawa bila kuuliza.

"Musyé Cravate..." Ndakala akaanza, akajirekebisha. "Placide. Bamekuachilia?"

"Bameniachilia."

"Mungu iko. Na mama?"

"Amebakia kule. Anafundisha mupishi ya muzungu."

"Kumufundisha nini?"

Placide akanywa kahawa kwanza. "Kuponda lenga-lenga. Muzungu amesema tumbo yake inafungaka sana tangu afike huku. Madame amemuambia ile maji itaifungua. Basi amesema kinu ibakie."

Sindano alijitahidi. Naapa nilimwona anauma midomo. Lakini ilimshinda, akacheka, na sisi nyuma yake, na hata Placide bega lake likatikisika kidogo.

"Basi imekuwa muzuri!" nikasema. "Kama muzungu mwenyewe atakunywa, karte yako iko tayari!"

"Karte itangoja."

"Itangoja nini tena?"

Placide akasema kwa Kifaransa kwanza, jinsi alivyoambiwa, kisha akatugeuzia. "Amesema mutu mwenye anakunywa majani mabichi bado hajatoka kwa pori. Amesema niombe tena miaka mbili ikipita."

"Subiri," Sindano akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Subiri kidogo. Si Madame njo alibafundisha?"

"Njo yeye."

"Alimuambia muzungu hivyo?"

"Alimuambia. Hakukana hata neno. Ni mama wa haki, mi siwezi kumusema vibaya. Anastasie aliponda, akachuja, na Madame akakamata kilauri ya kwanza mbele ya muzungu. Akaikunywa yote, mpaka chini. Akapangusa mudomo na kitambaa."

"Na muzungu akafanya nini?"

"Alimupigia makofi."

Mzee Siagi akaweka kibuyu chini. "Makofi?"

"Makofi. Alisema: bravo, Madame. Mukalimani akapiga. Polisi wa mulango naye akaweka bunduki kwa ukuta, akapiga."

Placide alikuwa anakizungusha kikombe, anatazama masalia ya kahawa chini. Sindano, yule mwenye mdomo, akamuuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Na we?"

Placide akalegeza kravate yake.

"Na mi nilipiga."

Ndakala akasimama, akasema nyavu zake ziko juani. Siagi akachukua kibuyu, akamgusa Placide begani, akaelekea njia ya mlimani. Mimi Bubu nikakusanya vikombe, kimoja kimoja. Sindano akarudi kwenye mashine, akaikanyaga kwa nguvu, na ilichukua muda kabla sijaona kwamba hakuna nguo chini yake.