Zamu ya Kadi za Pamba

Jumanne, 2 Julai 1957

Bahati imenikumbuka! Bwana mkubwa wa kampuni ya pamba ametuita biro, ofisini kwake, mimi na karani mwenzangu Anastase. Kila mkulima ana kadi moja. Akileta gunia, tunatoboa tundu moja, halafu kadi zinapanda kamyo kwenda Usumbura, mashini izisome. Shida ni kwamba kadi zinachakaa, na mpya hazitafika kutoka Ulaya kabla ya msimu kwisha. Atakayezifanya zidumu ataenda Usumbura kujifunza mashini. Mimi nimepewa kadi za vijiji vya Runingu na Katogota, Anastase zilizobaki. Yeye anasema atazifungia ndani ya debe, mbali na unyevu wa ziwa. Debe! Kama anahifadhi mawese.

Alhamisi, 4 Julai

Nimezikagua zangu. Kadi ya mama Nkeshimana, mjane wa Runingu, imekuwa chujio! Mama huyo analeta pamba kila siku ya soko. Ya Marcellin wa Katogota inang'aa, maana Marcellin kazi yake ni kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kupiga soga. Moja inakufa kwa kazi, nyingine inanenepa. Hata shamba hupumzishwa! Basi kadi zitafanya kazi kwa zamu. Pamba ya mama Nkeshimana nitaitobolea tundu kwenye kadi ya Marcellin, mpaka yake ipumue. Na wengine hodari vilevile, wengi wao kwenye hiyo hiyo ya Marcellin, maana ndiyo nzima kuliko zote. Nani yuko kwenye kadi ya nani, nimeweka kichwani. Kichwa hakiliwi na mchwa.

Ijumaa, 12 Julai

Kadi zangu zote zimezeeka sawasawa, unazitazama unapenda. Bwana mkubwa kanipiga begani. Anastase kanuna, akauliza kama mashini imeambiwa habari ya zamu. Nikamjibu wivu utamuua. Nimeagiza suruali ya kuendea Usumbura kwa fundi Térence.

Jumanne, 16 Julai

Malaria. Dawa ya kinini. Masikio yanavuma. Mke wangu Domitille anasema weye, umeweweseka ukitaja wakulima wote wa bonde. Leo simkumbuki hata mmoja. Si kitu, watarudi.

Jumamosi, 20 Julai

Hawakurudi.

Sikukuu ya pamba, watu kibao, ngoma. Bwana mkubwa akasoma jibu la mashini: mkulima hodari wa bonde ni Marcellin! Zawadi, baiskeli mpya. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Marcellin mwenyewe aligeuka nyuma kutafuta ni Marcellin gani.

Mama Nkeshimana hakucheka. Akanijia, akaniuliza polepole pamba aliyoibeba kichwani tangu mwezi wa sita imekwenda wapi. Akasema shingo yake imechoka, na baiskeli ile ndiyo ingebeba mihogo yake mpaka Uvira. Nikasema mashini haikosei. Mama weh, niliona haya! Bwana mkubwa akanikazia macho, nikaeleza zamu. Akataka nitaje nani ni nani. Kichwani nikakuta kinini tu.

Akasema basi, jibu la mashini ni jibu, na mshindi atalima shamba la mfano, hekta mbili, wageni wakimtazama. Kusikia hivyo, Marcellin akaisukuma baiskeli mbio mpaka kwa mama Nkeshimana, akaapa kwa Bikira Maria: minye sijaleta hata gunia moja mwaka huu! Mama akaishika usukani, akalia. Wengine walipangwa upya kwa ushahidi wa majirani, kutwa nzima, juani, mimi nikiwa nimesimama katikati.

Jumatatu, 22 Julai

Anastase kaenda Usumbura na debe lake. Mimi nimehamishiwa kwenye mizani. Bwana mkubwa anasema huko hakuna cha kufikiri. Hanijui! Leo tu nimegundua dhuluma: jiwe la kilo tano limelika pembe zote kwa kutumikishwa, na la kilo kumi limekaa tu, jipya. Kesho la kumi litashika kazi ya la tano. Wakulima watalalamika nini? Chuma ni chuma.