Risasi ya Gramu Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwambia baba yake Consolée kwamba mimi ni mwindaji. Aliuliza huwa nafanya nini Jumapili, nikaona haya kusema nalala. Sasa nimekwisha. Mzee Cirimwami alikuwa na wawindaji kule Fizi miaka kumi na mbili kabla ya kuhamia Musaga, na ndiye atakayeamua kama nitamuoa binti yake. Akauliza natumia risasi ya uzito gani kwa swala. Nikasema nzito. Nzito kiasi gani? Nikakohoa mpaka Consolée akaleta maji.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma kwenye simu siku nzima. Risasi nyepesi huenda mbio, lakini ikigonga mfupa inapasuka na kuharibu nyama. Nzito mno hupita moja kwa moja, na swala anaondoka zake. Ya katikati ndiyo yenyewe: gramu kumi na moja! Nimempigia mzee. Akasema vizuri, nimletee paja la swala Jumamosi.
Paja!

Alhamisi, 6 Juni
Nimenunua paja la mbuzi. Nimelichuna mwenyewe, safi kabisa. Consolée amelitazama akasema halina hata tundu, na baba yake si kipofu. Nampenda huyu msichana. Anafikiria kila kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Mtaa wa Asiatique, dukani kwa Nasor, muuza nyavu. Ana vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu: gramu saba, kumi na moja, ishirini. Nimesimama nusu saa nikichagua, maana mwindaji hana haraka. Nasor akauliza navua samaki gani. Nikasema swala. Ameniombea dua.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee alikula vizuri hadi tonge la tatu. Akatema kitu mkononi. Nikapaza sauti kwamba ndiyo risasi yangu yenyewe! Akavaa miwani. Akachukua njiti ya meno, akaipenyeza katikati ya risasi, ikatokea upande wa pili.
“Mukwe,” akasema, “hii risasi yako mulikuwa munaifunga na kamba?”
Consolée alitoka nje kucheka. Mzee akanisogelea, akaninong'oneza kwamba alijua ni mbuzi tangu harufu ya sufuria. Kule Fizi hakuwahi kushika bunduki. Alikuwa mpishi wa wawindaji, na Consolée hajui, nisimwambie. Kisha akasema mtu anayehangaika hivi kwa ajili ya binti yake, basi amuoe tu. Ila uongo niache.
Nililia kidogo. Nampenda sana mzee huyu.

Jumapili, 9 Juni
Nimeapa kanisani: uongo basi. Baada ya misa mzee amesema kwa kweli nyama hata haimpendezi, yeye ni mtu wa samaki, wale mukeke wa ziwani, tena mukeke aliyevuliwa usiku uleule, na katika familia hawana mvuvi hata mmoja.
Nimemwambia navua tangu utoto.
Kesho asubuhi narudi kwa Nasor. Mukeke anataka ndoano namba ngapi?