Kishikio cha Kushoto

Jumatatu, 14 Julai

Nyuzi joto thelathini na moja, hapa Rochdale! Kishikio cha dirisha la sebuleni kimenikatikia mkononi, dirisha likiwa limefungwa. Nina miaka sitini na minane na bado navunja chuma. Glenys, mke wangu, hakufurahi. Jumamosi kwaya ya kanisa inafanya mazoezi kwetu, naye ataimba peke yake kwa mara ya kwanza. Dirisha lisipofunguka kufikia Ijumaa, anasema, atamwita Norris. Norris! Jirani tunayegawana naye ukuta. Alitengeneza mlango wa gereji yetu mwaka 2009 na mpaka leo anausifia. Afadhali nife kwa joto.

Jumanne, 15 Julai

Nimepima. Wengine hukurupuka, mimi nilisoma kwanza. Kinachotakiwa ni nafasi kati ya matundu ya skrubu, urefu wa kile kichuma cha mraba kinachoingia kwenye fremu, na upande kishikio kinakopindia: kushoto au kulia. Kichuma nilikuwa nacho mkononi, milimita arobaini. Mengine nilipima nikiwa bustanini, kupitia vioo vyote viwili vya dirisha. Glenys hataki viatu kwenye zulia jipya, na kuvivua ni adhabu kwa mgongo wangu. Kushoto, bila shaka yoyote.

Jumatano, 16 Julai

Dukani. Muuzaji, mama mpole, aliniuliza kama nilitazama dirisha nikiwa ndani au nje. Nikamjibu kwamba mwanamume mzima anajua kushoto kwake. Vishikio vyeupe vilikuwepo, kama vyetu vyote. Nikachagua cha rangi ya dhahabu. Norris akione toka barabarani!

Alhamisi, 17 Julai

Kimepindia upande usio wake. Kinagonga fremu, hakizunguki. Nimemwambia Glenys kwamba kinahitaji siku moja kuzoea nyumba.

Lakini akili ninayo! Nyumba yetu na ya Norris zilijengwa pamoja, na madirisha yakawekwa na fundi mmoja. Mchana nikaenda kwake kunywa chai. Alipoingia jikoni kutafuta biskuti, skrubu mbili chap chap, kishikio mfukoni.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nyumba zetu ni kama mtu na sura yake kwenye kioo. Madirisha yetu ni ya kulia, yake ya kushoto. Sasa nina vishikio viwili vya kushoto.

Ijumaa, 18 Julai

Norris kaja asubuhi. Anasema wezi wa siku hizi ni wa ajabu, wameacha televisheni wakabeba kishikio. Nikajitolea kumsaidia. Kumrudishia chake cheupe kungeniumbua, kwa hiyo nikamfungia cha dhahabu. Kikazunguka kama siagi! Akanishukuru mbele ya Glenys, kisha akatoa miwani mfukoni.

"Yako hii, Cyril," akasema. "Niliikuta dirishani, pale pale kilipokuwa kishikio."

Usahaulifu wangu! Mtu mwema Norris, hashuku kitu. Sijui kwa nini Glenys aligeuka mwekundu. Alimwomba Norris kwaya ikafanyie mazoezi kwake, naye akakubali.

Jumamosi, 19 Julai

Dirisha la Norris lilikuwa wazi kabisa. Nilikaa bustanini kwangu, sauti ya Glenys ikanifikia, nyembamba mwanzoni, kisha imara. Nililia, na sioni haya kusema. Watu walisimama barabarani. Bi Duxbury, wa nyumba ya mbele yetu, aliuliza nani fundi wa kishikio kile kizuri, na Norris akanionyesha mimi kwa kidole. Mbele ya kwaya nzima!

Glenys alirudi na kukaa mbele ya dirisha letu lililofungwa, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Umefungua dirisha la Norris, Cyril," akasema. "Letu je?"

Nikamwomba avumilie. Fundi anayetafutwa hana muda. Bi Duxbury ana vishikio sita vibovu na amenikabidhi kazi yote. Nimeshapima, nikiwa nimesimama barabarani, viatu miguuni. Kushoto, vyote sita.