Mshairi Aliyehubiri Blacktown

Jumatatu, 9 Agosti 2021
Dokta anayesimamia tasnifu yangu na ya mwenzangu Tevin ametangaza: nafasi ya kuzungumza kwenye kongamano la mtandaoni ni moja. Ataipata atakayeleta rekodi adimu ya washairi wa Beat, wale Wamarekani wa miaka ya hamsini waliosoma mashairi huku jazi ikipigwa. Tevin akaniambia nimwachie tu, mimi ni mtu wa vitabu. Kwa nini washairi hao bado wananishika hivi, sijui. Labda kwa sababu wao walizurura nchi nzima na mimi nimefungiwa Blacktown, kitongoji cha Sydney, kwa ajili ya korona.

Jumanne, 10 Agosti
Imepatikana. Libère, Mkongomani niliyefanya naye kazi ghalani, aliachiwa santuri ya mmoja wao na mzee aliyempangisha Liverpool, ile ya hapa Sydney. Ana pia mashine ya kuipigia. Lakini siruhusiwi kuvuka kilomita tano, na simu yake imejaa picha za harusi, hairekodi kitu. Atanipigia Alhamisi saa moja jioni, aiweke simu mbele ya spika. Nitarekodi kwa laptopu. Aliuliza, dada, huyu mzungu wa kwenye santuri anagombana na nani.

Jumatano, 11 Agosti
Tatizo. Alhamisi saa moja ni ushirika wa maombi kwa Zoom. Shangazi Zilpah, nesi ninayeishi kwake, hujiunga akiwa kazini na huita majina. Asiyeitika hushtakiwa kwa mama yake Kisumu. Basi nitaitika kwa laptopu hiyohiyo, nifunge kipaza sauti cha Zoom, nirekodi. Mpango hauna tundu.

Ijumaa, 13 Agosti
Sikukifunga kipaza sauti. Au nilikifunga nikakifungua; bado sielewi. Mshairi alinguruma dakika kumi na nane juu ya tarumbeta. Pastor Mwiti, anayeongoza maombi, alidhani ni mhubiri mgeni, akampisha. Washirika wakaanza: Amina. Pokea. Mwambie, Baba. Shangazi alilia. Baadaye akauliza mtumishi huyo anahubiri wapi. Nikasema alishafariki. Akasema ndiyo maana ana upako.
Rekodi yangu ina Amina arobaini na moja. Libère hawezi kurudia. Yuko zamu mpaka Jumatano, na Dokta anataka rekodi leo.
Nimeituma. Nimeandika kwamba hizo ni sauti za wateja wa klabu moja ya San Francisco, 1958.

Jumatatu, 16 Agosti
Dokta aliisikiliza mara mbili. Alisema hadhira ilimsisimua sana. Kisha akauliza ni klabu gani ya mwaka 1958 ambapo mtu anamwomba Mama Nkatha azime kipaza sauti, blenda inasikika. Nafasi amepewa Tevin. Naye ameniandikia: Bwana asifiwe, mtumishi.
Nimewaza siku nzima. Hadhira ilimsisimua, hayo ni maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo kilichoniangusha ni blenda. Santuri ina upande wa pili, na kongamano lazima liwe na msemaji wa akiba. Nimemwomba shangazi aniachie nilete tena neno la mtumishi yule Alhamisi hii. Amekubali kwa machozi. Mama Nkatha naye ameahidi kusaga matunda yake asubuhi.