Naibu Wangu Anatabasamu Mno

Alhamisi, 27 Novemba 1986

Nimeteuliwa! Mimi, Abdulatifu Hatibu wa darasa la sita, ndiye Kamanda wa Gwaride la Chipukizi hapa Kaisho. Tarehe tisa Desemba, sikukuu ya Uhuru, nitaongoza kikosi kizima mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani. Mwalimu Telesfori ametangaza mstarini asubuhi. Watu wamepiga makofi. Nimeyasikiliza kwa makini yale makofi. Upande wa kushoto yalikuwa hafifu.

Naibu wangu ni Mbonimpa. Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mbonimpa amechunga ng'ombe wa baba yake tangu akiwa mdogo kabisa. Ana sauti ambayo akiita ng'ombe huku kwetu, ng'ombe wa Mabira nao wanageuza shingo. Kila mtu alijua kamanda atakuwa yeye. Amekosa. Mtu akikosa cheo hununa, hiyo ni haki yake. Yeye ametabasamu! Amenipa mkono, amesema, "Hongera, kamanda," halafu ametabasamu tena. Kwa nini mara ya pili?

Nimempa Baba habari dukani. Amesema ni jambo zuri, kisha akaniuliza kama siku hizi najua kushoto ni wapi. Dada Zuena alikuwa anampimia mteja chumvi. Amecheka mpaka akaimwaga.

Nyumba hii haina adabu kwa viongozi.

Jumamosi, 29 Novemba

Mazoezi ya kwanza. Uwanja umelowa, tope mpaka vifundoni. Nimeamuru mguu sawa. Wametii. Mguu pande. Wametii. Wametii haraka mno, wala sikupenda.

Kisha nikatembea mbele ya safu, mikono nyuma, kama afisa. Nilipogeuka tu, safu ya mbele ikanong'ona kitu kwa Kinyambo. Safu ya pili ikakipokea. Kikafika nyuma. Kikosi kizima kikawa kinatikisika kwa kicheko cha kubana!

Kinyambo sikijui. Nimelelewa kwa Bibi, Pangani, na huku nimeletwa juzijuzi tu. Najua kusalimu na kusema nimeshiba, basi. Wao wanajua kwamba sijui. Wanakula njama mbele ya macho yangu bila hata kujificha.

Dawa ni jasusi. Dada Zuena anaongea Kinyambo na wateja kutwa, wengine wanadhani amezaliwa hapa. Nimemwomba apite uwanjani Jumatatu na ndoo kichwani, asikilize. Amekubali kwa sharti kwamba wiki nzima maji ya nyumbani nichote mimi. Mimi, kamanda! Nimekubali.

Jumatatu, 1 Desemba

Taarifa ya jasusi. Wanachosema, kwa maneno yake, ni kwamba kaptula yangu imechanika nyuma.

Nikamwuliza, na nini kingine? Hakuna, akasema. Hicho tu, kila nikigeuka.

Nimelala chali kitandani nikifikiri. Kikosi kizima kinong'onezane habari ya kaptula? Haiwezekani. Haya ni mafumbo! Kaptula ni madaraka, maana kamanda ndiye aliyeivaa. Kuchanika ni kupinduliwa. Na nyuma? Nani husimama nyuma yangu kwenye gwaride? Naibu! Yote yapo wazi kabisa ukishajua.

Nimemfafanulia Zuena. Amekwenda kulala bila kula.

Jumanne, 2 Desemba

Mama amefua. Ameniita uani, amepitisha mkono wake nyuma ya kaptula yangu ukatokea upande wa pili, vidole vyote vinanipungia. Ameuliza hii imekuwaje.

Kumbe imechanika kweli.

Ameitia kiraka. Lakini swali linabaki palepale. Nani aliichana? Dawati langu lina msumari uliochomoza. Nani hukaa dawati la nyuma? Mbonimpa. Mama anasema msumari ulikuwepo hata kabla sijaletwa Kaisho. Mama ana moyo safi, haoni mbali.

Alhamisi, 4 Desemba

Mbonimpa amekuja mpaka barazani kwetu. Amewaamkia wazazi wangu shikamoo, amesimama wima, ameniomba ruhusa. Ati kesho na keshokutwa hatakuwepo mazoezini, baba yake anamtuma kupeleka mtamba kwa mjomba wake Mabira. Ruhusa! Kutoka kwangu! Mtu wa kawaida angetoroka tu.

Si hilo tu. Alipokuwa anaondoka amenivuta pembeni, amesema kwa upole kwamba nikiamuru nitoe sauti tumboni, nisiitoe kooni, maana koo linachoka upesi. Ndivyo anavyofanya yeye kwa ng'ombe.

Nimeelewa. Anataka nibadilishe namna yangu ya kuamuru siku chache kabla ya sherehe, nichanganyikiwe. Nimemshukuru kwa mdomo.

Baba amesema huyo kijana kalelewa. Hata Baba ameshatekwa!

Usiku sikupata usingizi, lakini nimepata wazo. Wazo kubwa. Nacheka peke yangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Mbonimpa yuko njiani na mtamba wake. Kikosi chote ninacho mimi. Nimewapeleka nyuma ya darasa la tatu, nimewaweka chini, nimewafunulia Mpango wa Kinyume.

Ni hivi. Siku ya sherehe nikiamuru mimi, watii kama kawaida. Lakini Mbonimpa akithubutu kuamuru, wafanye kinyume. Akisema kushoto, wao kulia. Akisema kulia, wao kushoto. Akijaribu kuninyang'anya gwaride, ataumbuka mbele ya wilaya nzima! Wao sikuwaambia hilo la mwisho. Nimewaambia ni amri ya siri, kipimo cha uaminifu.

Wamefurahi ajabu. Sijawahi kuwaona wakinisikiliza vile.

Anonciata, anayeongoza safu ya mbele na asiyeweza kunyamaza, akauliza kwa nini Mbonimpa aamuru ikiwa kamanda ni mimi. Nikasema ndiyo maana ni siri. Akauliza, je, akisema simama?

Sikuwa nimefikiria simama. Lakini kiongozi hasiti mbele ya kikosi. Nikasema simama nayo ni kinyume, asisimame mtu.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Jumatatu, 8 Desemba

Kesho! Mbonimpa amerudi kutoka Mabira na tabasamu lake. Kikosi kimemwona, kimejikaza, hakuna aliyecheka. Nidhamu ya ajabu. Nimeijenga mimi.

Jioni nimepanda kilima cha nyuma ya kanisa peke yangu kupasha sauti. Lengo langu lilikuwa kusikika ng'ambo ya bonde, kama yeye. Nimeamuru mguu sawa mpaka masikio yakaziba. Nimeamuru nyuma geuka mpaka machozi yakanitoka. Mwishowe mama mmoja ng'ambo akaitikia! Ameniuliza kwa sauti kubwa nimefiwa na nani.

Koo linawasha kidogo. Si kitu.

Jumatano, 10 Desemba

Jana sikuandika. Nilikuwa nimelala nimejifunika gubigubi.

Asubuhi ya jana nilifungua mdomo kumwamkia Baba. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Ukatoka mlio kama wa bawaba ya mlango. Mama akanipa tangawizi, akanipa asali, akanifunga kanga shingoni. Wapi! Na nani aliyenitabiria kwamba koo litachoka? Alijuaje?

Mwalimu Telesfori akanitazama, akashika kichwa, akaamua papo hapo. Mbonimpa ataamuru. Mimi nitatangulia mbele na fimbo ya kamanda, kimya.

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikaukumbuka Mpango wa Kinyume.

Nikakimbia kwa Anonciata. Nikamwinamia sikioni, nikasema, "Hakuna kinyume!" Yaani nilidhani nimesema. Neno la kwanza lilifia kooni. Likatoka la pili tu. Anonciata akanikonyeza, akamgeukia mwenzake, akapitisha ujumbe. Nikauona ukienda mpaka nyuma, kichwa kwa kichwa.

Ngoma ikalia. Mgeni rasmi chini ya turubai, wazee wa kijiji, walimu, na kwenye benchi la wafanyabiashara Baba yangu, kanzu nyeupe, koti jeusi, ananitazama mimi tu.

"Mbele, tembea!" Wakatembea. Namshukuru Mungu Anonciata hakuwahi kuniuliza kinyume cha mbele tembea.

Tukafika mbele ya turubai. "Kulia, tazama!" Vichwa vyote vikageuka kushoto, kwa pamoja, vizuri sana, vikatazama jikoni, walipokuwa akina mama wanageuza matoke masufuriani. Mgeni rasmi naye akageuka akatazama jikoni. Wazee wote wakatazama. Mpishi mmoja akapiga saluti na mwiko.

"Kushoto, geuka!" Mimi nikageuka kushoto, kwa ukakamavu, fimbo juu. Nilitembea hatua nyingi kabla sijagundua kwamba niko peke yangu. Kikosi kilikuwa kinakwenda upande mwingine, kuelekea migomba ya shule.

"Kikosi, simama!"

Wakaongeza mwendo.

"Simameni, jamani!"

Wakaanza kukimbia! Nikawapungia mikono yote miwili. Wakadhani nawapa moyo. Wakaingia migombani wanaimba, skafu zinapepea, wakatokezea upande wa pili kwenye shamba la maharage, wakashika njia ya Songambele. Ngoma bado inapigwa. Hakuna aliyempa mpiga ngoma amri nyingine.

Mbonimpa akatupa kofia, akawafuata mbio. Uwanja mzima ukatega sikio. Mara, kutoka mbali kabisa, ikaja ile sauti yake ya ng'ombe: "Msisimame! Nawakataza! Msisimame!"

Wakasimama.

Mgeni rasmi alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu Telesfori hakucheka. Baba hakucheka. Tukaitwa ofisini, mimi na Mbonimpa, na Anonciata kama shahidi. Mwalimu akauliza ni nani aliyeharibu gwaride. Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Hewa tupu.

Mbonimpa akasema, "Ni mimi, mwalimu. Nilichanganya amri."

Anonciata akanikazia macho. Mimi nikatazama ramani ya Afrika.

Mbonimpa amevuliwa unaibu. Likizo nzima atafyeka majani ya uwanja. Baba amenipigapiga begani njiani, amesema pole, mwanangu, umeangushwa na mwenzio. Chakula cha usiku nimemwachia Zuena. Nadhani ni tangawizi.

Ijumaa, 12 Desemba

Sauti imerudi nusu. Nimekwenda uwanjani kumpeleleza.

Nilijibanza nyuma ya choo cha walimu. Yuko peke yake, anafyeka, anapiga mluzi. Mtu mwenye adhabu anapiga mluzi! Nikasogea nione vizuri. Bila kugeuka akasema, "Karibu, kamanda. Fyekeo la pili liko ukutani."

Nilichukua fyekeo ili asishtuke.

Tukafyeka. Baada ya muda nikamwuliza, kwa sauti yangu ya bawaba, kama anajua kilichotokea. Akasema anajua. Anonciata alimweleza yote walipokuwa wanarudi kutoka njia ya Songambele. Kinyume, siri, yote.

Sasa kwa nini alisema ni yeye?

Akainua mabega. "Ulikuwa huna sauti," akasema. Akaendelea kufyeka.

Nikafyeka bila kuona ninachokata. Kisha akaniambia jambo jingine, kama mtu anayezungumzia mvua. Mwalimu Telesfori alimtaka yeye kwanza awe kamanda. Akakataa. Hapendi kutazamwa na watu wengi, mikono humtoka jasho. Ndiye aliyependekeza jina langu. Alisema Abdulatifu anatembea kama afisa, na bado hana marafiki hapa, labda akipewa kikosi atawapata.

Fyekeo langu likagonga jiwe.

Baadaye akaigiza mgeni rasmi anavyotazama jikoni. Nikaigiza mpishi na mwiko. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani mabichi, yeye kashika mbavu, mimi nalia. Tangu Pangani sijacheka hivyo. Akanifundisha kusema kwa Kinyambo kwamba kaptula yako imechanika. Kiraka changu kimemfurahisha. Jua likawa utosini na hata robo ya uwanja hatujaimaliza.

Nimerudi nyumbani mwepesi, napiga mluzi. Zuena ameuliza nina nini.

Ndipo nikashtuka. Nina nini? Nimeketi kufikiri sawasawa. Mtu amekupa cheo chake. Amekuonya kuhusu koo lako. Amebeba kosa lako, amepata adhabu yako, na ukimfuata anakupa fyekeo na kukuchekesha. Hakuna binadamu anayefanya hayo yote bure. Mpango wake ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na sasa naona unakoelekea. Anataka nimwamini!

Hanipati. Kesho nitadamka, nitafika uwanjani kabla yake, na fyekeo la Baba. Nitafyeka karibu naye kabisa, bega kwa bega, nisimpoteze machoni. Keshokutwa pia. Likizo nzima ikibidi.

Mama ameuliza anifungie chakula cha mtu mmoja au cha wawili. Cha wawili, nimesema. Na asali kidogo. Sitaki mshukiwa agundue kitu.