Kidonge cha Saa Moja

Alhamisi, 6 Septemba 1951
Miti ya miwati ya huku Yamumbi imechanua, unga wa maua yake umejaa hewani. Pua maji, macho moto. Mazoezi ya kwaya nimeanzisha wimbo, chafya! Nikarudia, chafya! Nyongesa, mwanakwaya mwenzangu, akauliza watu kama siku hizi Mzee Murunga, yaani mimi, anaimba na ngoma. Wakacheka. Pasta amesema Jumapili wageni wa Timboroa wanakuja. Nikipiga chafya tena, Nyongesa ndiye ataanzisha nyimbo. Nyongesa! Sauti ya mbuzi aliyekabwa na kamba! Besi ya kanisa hili ni mimi.

Ijumaa, 7 Septemba
Dispensari. Dresa Kibet, mganga msaidizi wa hapo, amenipa vidonge vya kuzuia chafya, dawa mpya ya ng'ambo. Akasema: Mzee, meza kimoja tu, inaleta usingizi, nayo inafanya kazi (hapo nikapiga chafya) saa moja. Nimeelewa. Nelima akauliza saa moja ya asubuhi au ya jioni. Mke wangu huyu! Kanisa ni asubuhi, dawa ije jioni kufanya nini?

Jumapili, 9 Septemba
Saa moja kamili nimemeza. Nikasimama mlangoni kusubiri. Chafya. Nyingine. Saa moja imepita! Kidonge kimelala. Nikakipelekea mwenzake akiamshe. Halafu cha tatu kiamshe hivyo viwili. Nelima akalia kwamba nitakufa. Nikamwambia mtu aliyezoea kwinini hafi kwa punje kama hii.
Njiani pua ikakauka. Ajabu! Saa mbili hiyo. Dawa ilikuwa wapi? Labda ni upepo tu.
Kanisani hakuna chafya hata moja. Pasta akatangaza wimbo. Nikasimama. Baada ya hapo sijui. Nelima anasema niliketi tena, juu ya kofia ya Mama Tryphosa, jirani yangu wa benchi, nikakoroma. Nyongesa akaimba. Lakini nilikoroma kwa besi, hata Nelima amekubali.

Jumatatu, 10 Septemba
Pasta amenipa Jumapili moja zaidi, ya mwisho. Nimemwendea Kibet na hasira zangu. Akashika kichwa. Eti alisema NDANI ya saa moja, Mzee, ndani!
Kumbe! Si angetamka vizuri tangu mwanzo?
Nimeazima saa ya kengele ya Elphas, jirani. Nimefungua mgongo wake kwa kisu, nimetia vidonge vyote ndani. Saa moja tu, si mbili, kama alivyosema. Saa imesimama. Elphas yuko mlangoni, anataka saa yake. Nimemwambia aache haraka, dawa inafanya kazi.