Mke Wangu Amerudi Chuo, Sasa Hagombi Tena

Kwa Madamu Mkuu wa Chuo cha Manesi,

Namaste, Madamu. Mimi ni Tek Bahadur Saru, mume wa nesi Manisara, yule mrefu anayekaa karibu na dirisha la darasa kwa sababu basi linamwacha na kichefuchefu. Hunijui. Siku moja nilikuja na ndoo ya mtindi, nikasimama getini mpaka mtindi ukaanza kutoa maji, nikaona aibu kumwambia mlinzi shida yangu, nikarudi nao. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la tano, utanisamehe mwandiko.

Ombi langu ni moja: mke wangu asimalize hiyo digrii. Sababu zipo, nitazipanga, na ile kubwa itakuja mbele huko nikipata moyo.

Alikuja kwenu akiwa nesi kamili. Cheti anacho, na watoto wa kijiji chetu karibu wote yeye ndiye aliyewadaka wakizaliwa. Mpaka leo anafanya zamu za usiku hospitali ya sokoni, mchana anakaa kwenye dawati lenu, Ijumaa jioni anapanda basi kuja nyumbani, Jumapili asubuhi anaondoka. Hayo sina neno nayo. Neno langu ni lile somo la wagonjwa wa akili, pale mlipomfundisha jinsi ya kuongea na mtu. Madamu, mmemharibu.

1. Hagombi tena. Mimi nafanya kazi kinuni, nasaga mahindi. Ni kazi nzuri, mashine inapiga kelele na hakuna anayetegemea useme kitu. Zamani nikirudi, nikajisahau nikaingia jikoni na viatu, alinikemea kama mke na mumewe: "We Tek! Hili jiko au zizi? Toa viatu!" Natoa, tunakula, maisha yanaendelea. Ijumaa moja baada ya somo lenu nikaingia navyo tena. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Naona leo umeingia na viatu. Unajisikiaje?" Sijawahi kuulizwa hivyo tangu nizaliwe. Nilivua mwenyewe, nikaenda zizini kukaa na nyati wetu wa maziwa nikitafuta ninavyojisikia. Mpaka leo sijapata jibu.

2. Amemmaliza mama yangu. Mama na mke wa mwanawe walikuwa wanazozana vizuri tu, kila mmoja anajua zamu yake. Sasa Jumamosi moja mama akaonja dengu, akaanza kama kawaida: "Dengu gani hii? Umepikia chumvi au jasho la nyati?" Tukasubiri moto. Manisara akaweka mwiko chini, akainama mbele kidogo, nasikia mnawafundisha kuinama, akasema, "Mama, nasikia kwamba chumvi imekuudhi. Niambie zaidi."

Mama akasema, "Nikuambie zaidi nini? Chumvi ni chumvi!"

Manisara akaitikia kwa kichwa polepole, akangoja. Mama akatuangalia mmoja mmoja kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Halafu akaanza kulia. Akaeleza jinsi alivyoolewa nyumba hii akiwa mdogo, bibi yangu akimlisha makoko ya sufuria, na yeye akimwaga machozi humo humo mpaka hakuhitaji chumvi. Mimi mwanawe sikuwahi kuyasikia hayo. Sasa kila Ijumaa anashuka njiani mapema kungoja basi ili aulizwe. Siku nyingine zote ananyamaza, anajiwekea maneno ya Ijumaa. Nyumba imepoa kama chai iliyosahauliwa.

3. Amewapatanisha watu waliokuwa wametulia kwenye ugomvi wao. Jirani yetu Mama Gaumati ana mbuzi mweupe, na mama yangu alikuwa hasemezani naye kwa sababu ya huyo mbuzi na mama wa huyo mbuzi na bibi yake. Manisara akawakalisha kibarazani, akawauliza. Wakaambiana zaidi. Sasa Mama Gaumati anashinda kwetu akinywa chai, na mbuzi naye anaingia kama mgeni wa heshima. Wamepatana wao, haradali inayoliwa shambani ni yangu.

Na limeenea. Jumamosi wanawake wa mtaa wa juu wanajipanga kibarazani kungoja kuulizwa. Mume wa Mama Gaumati alinifuata mpaka kinuni, akazima mashine yangu kwa mkono wake mwenyewe: "Bwana mdogo, mkeo amemlisha nini mke wangu? Jana kaniuliza kama nina furaha! Tuna wajukuu! Sasa nimjibu nini?" Niliwasha mashine.

4. Kunyamaza. Hili ndilo baya. Mwalimu wenu amewaambia kwamba mgonjwa asiyesema usimsukume, kaa naye kimya, ipo siku atafungua mdomo. Madamu, sijui kama mwalimu huyo amewahi kukutana na mtu wa kwetu. Mimi kunyamaza sikufundishwa, nimezaliwa nako. Jioni moja Manisara akakaa mbele yangu, akaweka mikono magotini, akangoja. Nikangoja. Maziwa yakafurika, hakuna aliyeinuka. Mbuzi akaingia, akala mboga ya jioni yote, akatoka. Mama akachungulia mlangoni, akasema, "Nyie, mmekufa?" Hakuna aliyejibu, maana Manisara alikuwa anangoja mimi niseme, na mimi ni mimi.

5. Sasa ile kubwa. Alichokuwa anangoja nadhani nakijua. Kinuni watu wanaongea wakidhani kelele inawaficha, lakini mimi huwa naangalia midomo. Wanasema nesi akishapata digrii haishi tena kwetu. Mmoja aliniambia usoni kabisa, huku akicheka, "Kaka Tek, anza kujifunza kukanda unga. Siku anayopewa digrii ndiyo siku anayopanda ndege. Australia wanawachukua kama mahindi ya kuchoma!" Na si uongo. Mkwe wa nyumba ya juu, ile yenye bati la bluu, alisoma hivyo hivyo. Sasa anakuja sikukuu ya Dashain ndani ya simu, wanamwekea tika, ile alama ya baraka ya kwenye paji la uso, kwenye kioo cha simu, baba mkwe anafuta kioo kwa shati.

Mimi sijamuuliza Manisara. Naogopa ataniinamia aseme, "Naona una hofu. Niambie zaidi." Na mimi sina zaidi. Nina hilo moja tu.

Kwa hiyo naomba mliondoe lile somo. Ikishindikana, mmfelishe. Si sana, Madamu, asiaibike mbele ya wenzake. Kiasi tu cha kumrudisha nyumbani akiwa nesi kama alivyokuwa, anayekemea mtu viatu.

Nisalimie walimu wote, pamoja na yule wa kunyamaza, sina kinyongo naye. Nisalimie mpishi, maana Manisara anasema achari yake ya figili si mbaya, na mlinzi wa getini, mwambie yule mtu wa ndoo alikuwa ni mimi. Nakuinamia kwa mikono miwili.

Mimi,
Tek Bahadur Saru, wa kinuni

Tanbihi: Madamu, barua hii ilikuwa ipande basi la Ijumaa likirudi huko kwenu, lakini basi hilo hilo ndilo lililomleta yeye, na nilipomwona anashuka kijani usoni kwa kutapika nikasahau kumpa kondakta. Jioni alikaa kimya mbele yangu kama mlivyomfundisha. Sijui ni kwa sababu nilikuwa nimeshayaandika, mdomo ukateleza. Nikamuuliza, "Utaenda Australia?"

Kwa somo lenu alitakiwa kuinama. Hakuinama. Alinirushia mwiko. "We Tek, mjinga wa kutupwa! Nikeshe na wagonjwa, nisinzie darasani, nitapike njia nzima kila Ijumaa, halafu eti Australia? Wadi ya uzazi pale hospitali ya sokoni haina mkuu, nafasi hiyo hawampi asiye na digrii, naitaka mimi! Ulikuwa unangoja nini kuuliza? Na toa viatu!"

Mama Gaumati alitoka nje kwa kelele zile. Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikavua viatu, na safari hii nilijua ninavyojisikia, ila hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo kwenye mtihani, mkiuliza kama aliwahi kukosa subira kwa mgonjwa, ukweli ni kwamba aliikosa. Naomba msimpunguzie alama kwa hilo, mgonjwa amepona. Lile ombi la kumfelisha nilitaka kulikata mwenyewe lakini kalamu inaishiwa wino na bado sijaandika jina lako juu ya bahasha. Likate wewe huko, ambako kalamu ni nyingi.

Mtindi unakuja na kondakta.